Siku Moja Mlangoni mwa Mto Pangani

Pale mto Pangani unapoingia Bahari ya Hindi, chini ya maji kuna fungu la mchanga. Nahodha wa jahazi aliyezijua nyakati za bahari alilivuka maji yakijaa, akatia nanga ndani ya mto mbele ya mji, akapakia na kuondoka maji yakianza kupwa. Meli kubwa za mvuke hazikuweza. Zilisimama nje kwenye mawimbi, mizigo ikashushwa mashuani. Zama za majahazi, fungu hilo halikumzuia mwenyeji, na Pangani ikatajirika. Zama za meli za chuma na reli lilitosha kuufanya mji mzima upitwe. Anayetaka kuitembelea Pangani kwa siku moja na kuielewa, na aanze kwa kuuangalia mlango wa mto.

Mji wenyewe uko karibu kilomita 50 kusini mwa Tanga, katika ukingo wa kaskazini. Ng'ambo, chini ya kilima, ni kijiji cha Bweni. Kati ya Pangani na Bweni kivuko kimekuwa kikienda na kurudi tangu alfajiri, kimebeba wanafunzi, wachuuzi wa samaki, pikipiki na malori ya nazi. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, ndio wakati mzuri wa kuuzunguka mji kwa miguu. Mji si mkubwa, na karibu kila kitu cha kuangalia kimejipanga kando ya mto au nyuma yake kidogo tu.

Majumba makongwe ya Pangani yamejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, na dari zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Lipu inapobanduka, jiwe lenyewe huonekana, na ndani yake vitundu na mistari ya viumbe wa baharini waliolijenga. Boriti ndiyo iliyoamua ukubwa wa chumba: mti wa mkoko hauwezi kubeba dari pana, kwa hiyo vyumba vya nyumba za mawe za pwani hii ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa mita tatu hivi. Katika mtaa uliokuwa wa wafanyabiashara wa Kihindi, milango ya maduka imefuatana ubavu kwa ubavu, na juu yake kuna roshani za mbao. Baadhi ya roshani bado zinakaliwa. Nyingine zimeinama kuelekea barabarani, na mmea umeota ukutani.

Jengo linalotangulia kuonyeshwa ni Boma, ambalo limekuwa ofisi ya serikali tangu zama za ukoloni. Watembeza wageni husimulia kwamba lilijengwa mwaka 1810 na tajiri wa Kiarabu aliyelifanya makazi yake, na kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo zake ili jengo lisimame imara. Hadithi ya namna hiyo husimuliwa pia juu ya majumba mengine ya pwani. Waliokisimulia kisa hicho kizazi baada ya kizazi walikuwa wakihifadhi jambo ambalo hakuna hati iliyolihifadhi: kwamba kuta hizi zilipandishwa na watu ambao hawakuwa na hiari, na ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Utajiri uliozijenga nyumba hizi ulitoka bara. Bonde la mto Pangani ni njia ya asili kutoka pwani, likipita chini ya milima ya Usambara na Upare, hadi kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Misafara ilipanda nalo katika karne ya 19 ikibeba merikani, kaniki, shanga na seng'enge, ikarudi na pembe za ndovu kutoka Umasaini na nchi za mbele yake. Safari moja ilichukua miezi mingi, pengine mwaka mzima na zaidi. Wapagazi waliofariki kwa ndui, kiu au mkuki walizikwa njiani.

Wageni wa Ulaya walikuja wakiifuata njia ambayo tayari ilikuwa na wenyewe. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipita Pangani mwaka 1852 akielekea Vuga, makao ya Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa. Mwaka 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walikaa hapa, wakawinda viboko mtoni, wakapanda hadi Vuga kumwona Kimweri, kisha wakarudi Pangani wakiwa taabani kwa homa. Miaka 30 baadaye, mwanzoni mwa 1887, Samuel Teleki wa Hungaria na Ludwig von Höhnel walianzia hapa msafara wenye mamia ya wapagazi. Machi 1888 walilifikia ziwa ambalo leo linaitwa Turkana.

Vitabu vya safari hizo viliwapa umaarufu Wazungu. Mtu ambaye Pangani ingepaswa kumtaja kwanza ni Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa mji huu. Joseph Thomson alipotaka kuvuka Umasaini mwaka 1883 alikwenda pamoja na msafara wa Kimemeta, aliyeijua nchi, visima vyake na namna ya kuzungumza na wenyeji wake. Teleki naye alimtafuta huyohuyo. Bila watu wa aina ya Kimemeta, ramani za bara zilizochorwa London na Vienna katika miaka hiyo zisingechorwa.

Biashara ya pembe ilikwenda bega kwa bega na mashamba. Ardhi ya kingo za mto ni ya tope jeusi lenye rutuba, na katika karne ya 19 matajiri wa Kiarabu na wa mji waliipanda miwa. Vinu vya miwa vilitoa sukari na asali ya miwa iliyopakiwa majahazini kwenda Unguja na kwingineko. Kazi yote, ya kulima, kukata, kukamua na kuchemsha, ilifanywa na watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash bin Said alipotia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini, biashara hiyo haikwisha mara moja. Majahazi yaliendelea kuvuka usiku, na watu wengine waliotekwa bara walibakizwa katika mashamba ya papa hapa. Mgeni anayepita leo katikati ya minazi ya kingo hizi anapita juu ya mashamba hayo.

Kisha ukaja mwaka 1888, mwaka ambao Pangani iliingia katika historia ya dunia kwa nguvu ya watu wake wenyewe. Aprili mwaka huo Sultani Khalifa bin Said, aliyemrithi Barghash, aliikodisha pwani ya Mrima kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kampuni ilipewa haki ya kukusanya ushuru wa forodha kwa jina la sultani. Agosti, wakala wake Emil von Zelewski alitua Pangani na kutaka bendera ya kampuni ipandishwe karibu na ile ya sultani. Liwali alikataa. Askari wa manowari ya Kijerumani walishuka kumsaka, wakaingia msikitini na mbwa, siku za Idi ya Hija. Katika mji wa Kiislamu, tusi kubwa zaidi ya hilo ni vigumu kulifikiria.

Mapema Septemba watu wa mji na wa mashambani waliinuka. Wajerumani walizingirwa katika nyumba yao hadi Lloyd Mathews, jemadari wa Kiingereza wa majeshi ya sultani, alipokuja kuwaondoa. Aliyejitokeza kuwa kiongozi wa vita hivyo ni Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa karibu na Pangani. Nyuma yake walikuwa majumbe wa Kishirazi, Wazigua wa vijijini, wapagazi, vibarua na watumwa, kila kundi likiwa na madai yake. Wengine walimwona sultani mwenyewe kuwa amewauza. Katika miezi hiyo watu wa Abushiri walimkamata Hans Meyer, aliyekuwa njiani kwenda Kilimanjaro, pamoja na mwenzake Oscar Baumann. Waliachiliwa baada ya fidia kulipwa. Meyer aliporudi mwaka uliofuata alianzia Mombasa, na Oktoba 1889 akafika kileleni, kwenye theluji na barafu ambazo sehemu ya maji yake huishia Pangani.

Berlin ilimtuma Hermann von Wissmann akiwa na askari wa kukodiwa kutoka Misri na Msumbiji. Mei 1889 aliivunja ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo, na Julai akaiteka Pangani. Abushiri alikuwa amekwisha kukimbilia bara na kuishambulia Mpwapwa; kisha akasalitiwa na kukamatwa Uzigua. Tarehe 15 Desemba 1889 alinyongwa Pangani. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mshairi wa mwambao wa Tanga, aliyaandika matukio hayo kwa hati za Kiarabu katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Kwa hiyo vita hivi ni miongoni mwa vita vichache vya kupinga ukoloni barani Afrika ambavyo vilitungiwa maandishi marefu na mtu wa upande ulioshindwa, wakati wenyewe bado mbichi. Utenzi huo ni kitabu cha kusomwa kando ya mto, ukutani penye kivuli, kabla ya kuvuka.

Adhuhuri ni wakati wa kwenda Bweni. Kutoka ng'ambo ndipo Pangani huonekana nzima: ukuta wa mto, paa za mabati zilizopata kutu, minara ya misikiti na minazi nyuma yake. Upande huu wa kusini ndiko liliko shamba la Kikogwe, ambako uchumi wa Tanganyika ulichukua sura mpya kwa njia ya miche ambayo ingeweza kubebwa na watu wachache tu.

Mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf, aliyeitumikia kampuni ya Kijerumani, alikuwa amesoma habari za mkonge wa Meksiko. Miche haikuruhusiwa kutoka Yucatán, kwa hiyo aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, kupitia Hamburg. Ilipofika pwani hii mwaka 1893, 62 tu ndiyo ilikuwa hai. Ilipandwa Kikogwe. Mkonge ukiwa umekomaa hutoa vikonyo vingi juu ya mlingoti wake, na kila kikonyo ni mche mwingine. Ndani ya miaka mitano ile 62 ilikuwa imezaa makumi ya maelfu, na mashamba yakaenea kutoka Pangani hadi Muheza, Korogwe na Morogoro.

Mmea wenyewe unataka kuangaliwa kwa karibu ili kuelewa kazi yake. Jani ni gumu, lina urefu wa zaidi ya mita moja na mwiba mweusi nchani. Mkataji huinama, hulikata karibu na shina, huondoa ule mwiba, kisha hufunga majani 30 kuwa fungu moja. Mafungu hupelekwa kwenye korona, mashine inayoponda jani na kulikwangua huku maji mengi yakimwagwa, hadi zibaki nyuzi nyeupe za kuanikwa. Sehemu kubwa ya jani hutupwa. Katika kila kilo 100 za majani, katani inayopatikana ni kilo nne hivi.

Watu wa kufanya kazi hiyo hawakutosha mkoani Tanga. Waliletwa manamba kutoka Kigoma, Songea, Mbeya, Msumbiji, Rwanda na Burundi, wakakaa kambini kwa mikataba, wakizungumza Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha pekee iliyowakutanisha. Wengi hawakurudi makwao, na vijiji vingi vya wilaya hii na ya jirani vina koo zilizoanzia kambi za mkonge. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani 230,000 hivi za katani na ilikuwa ya kwanza duniani. Kisha kamba za nailoni na plastiki zikaishusha bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na uzalishaji ukaporomoka.

Pangani yenyewe haikufaidi mkonge kama ilivyotarajiwa, na sababu inarudi kwenye lile fungu la mchanga. Wajerumani walihitaji bandari ya meli kubwa, na ghuba ya Tanga ina kina. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, mwaka uleule mkonge ulipofika. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Korogwe ndipo reli ilipoukuta mto Pangani, na kuanzia hapo ikapanda bonde lilelile la misafara. Mizigo ya bara, iliyokuwa ikishuka na mto kwa vichwa vya watu, sasa ilipanda behewani na kwenda Tanga. Mji wa mlangoni mwa mto ukabaki na nazi, samaki, forodha ndogo na majumba makubwa kuliko biashara yake.

Katika forodha hiyo ndogo alifanya kazi kijana ambaye leo kila mwanafunzi wa Kiswahili anamjua. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, aliajiriwa na idara ya forodha mwaka 1926, na Pangani ni mojawapo ya vituo alivyotumikia. Wilaya yenye mtu wa namna hiyo katika historia yake ina haki ya kumtangaza, na hata kibao kimoja kando ya mto kingekuwa mwanzo mwema.

Alasiri, maji yakianza kujaa, mashua hupanda mto. Wenye mashua husubiri wakati huo kwa makusudi: maji ya bahari yanapoingia huisukuma mashua juu, na yakipwa huirudisha. Kilomita za kwanza ni mikoko, mizizi yake imejishika topeni, kaa wakipanda na kushuka. Kisha huja minazi, ukingo hadi ukingo, na vijiji vyenye gati za magogo. Furukombe hukaa juu ya minazi iliyokatika vichwa, na mamba wapo, kwa hiyo hakuna anayening'iniza mkono nje ya mashua. Sauti inayotawala ni ya makasia au ya mashine ndogo, pamoja na watoto wanaowaita wageni kutoka ukingoni.

Maji hayo yamesafiri karibu kilomita 500. Yametoka Kilimanjaro na Meru, yakakutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, yakanywesha mashamba ya Upare na Korogwe, kisha yakageuza mitambo ya umeme ya Hale, yenye megawati 21 na iliyoanza mwaka 1964, na ya Pangani yenye megawati 68 iliyozinduliwa mwaka 1995. Kila anayeyachota huko juu hupunguza yanayofika chini. Mto ukipungua nguvu, maji ya chumvi hupanda ndani zaidi, na wakulima wa kingoni ndio wa kwanza kuyaonja visimani na mashambani. Safari hii ya mashua inaonyesha jambo hilo waziwazi, kwa kuwa mikoko, mti wa maji ya chumvi, huota pale chumvi ilipofika.

Bahari nayo imechukua sehemu yake. Mbele ya mlango wa mto kuna Maziwe, kisiwa kilichokuwa na mivinje na fukwe ambako kasa walitaga kwa wingi. Miti iliondoka, mchanga ukakosa cha kuushika, na kufikia miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimebaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Ni hifadhi ya bahari, na matumbawe yake bado huvutia wazamiaji. Kasa hawajaacha kuja. Kwa kuwa mayai yakiachwa pale hufurikwa, watu wa kijiji cha Ushongo wameshirikiana na wahifadhi kuyafukua kwa uangalifu na kuyazika upya katika ufuo wa bara, kisha kuyalinda hadi vifaranga vitoke. Anayetaka kwenda Maziwe lazima apange siku yake kwa kufuata maji kupwa. Huenda ikabidi aache mto kwa kesho yake.

Siku ya namna hii, yenye Boma, vita vya Abushiri, Kikogwe na mashua ya alasiri, imekuwa ikiwezekana kwa sababu Pangani ilikuwa mwisho wa barabara. Hali hiyo inabadilika. Barabara ya lami ya pwani, inayokusudiwa kuunganisha Bagamoyo, Saadani, Pangani na Tanga, inahitaji daraja juu ya mto, na daraja lililobuniwa lina urefu wa zaidi ya mita 500. Likiunganisha kingo mbili, watalii wa Hifadhi ya Taifa ya Saadani watafika Pangani bila kuzunguka, wakulima watauza nazi zao upesi, na mgonjwa wa Bweni hatasubiri kivuko usiku. Haya ni mema makubwa, na watu wa Pangani wameyangoja muda mrefu.

Lakini malori ya barabara hiyo pia yatapita karibu na kuta za matumbawe ambazo lipu yake imekwisha. Kazi inayohitajika inajulikana na haigharimu kama daraja. Majumba ya mawe yaandikishwe moja baada ya jingine pamoja na warithi wake. Ukarabati ufanywe kwa chokaa, kwa kuwa saruji hufungia unyevu ndani ya matumbawe na kuyaozesha, jambo ambalo mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanalijua vizuri. Mahali aliponyongwa Abushiri, gati la majahazi na shamba la miche 62 ya kwanza yawekewe vibao vya Kiswahili, na vijana wa mji wafundishwe kuongoza wageni kwa historia hii, wakianza na Kimemeta na watumwa wa mashamba ya miwa kabla ya Burton na Teleki. Halmashauri, wenye nyumba na wenye mashua wanaweza kuianza kazi hiyo msimu huu, kabla magari ya kwanza ya masafa marefu hayajazoea kupita bila kusimama.